Jinsi ya Kufika Dar kwa Bei Rahisi na Kumkosa Mwenyeji

Mtu akikwambia anaijua njia ya bei rahisi ya kufika Dar es Salaam, muulize kwanza alikwenda lini. Akianza kukuna kichwa, ondoka. Usimsubiri amalize.

Mimi sikumuuliza Baba Mkubwa, na ningemuulizaje? Kwetu Bukima yeye ndiye aliyekuwa Dar yenyewe. Alifika huko mara moja, kabla mimi sijazaliwa, akakaa siku tisa, na tangu hapo kila mwenye safari lazima apite kwake kuchukua maelekezo, utadhani jiji lina mlango na ufunguo anao yeye mfukoni. Baba yangu, aliyekuwa mdogo wake, alifariki nikiwa darasa la nne. Kwa hiyo mambo ya nyumba yetu Baba Mkubwa anaamua, mama anaitikia, na mimi nacheka. Kucheka ndiyo kazi waliyoniachia.

Safari yenyewe haikuwa ya kuchekwa. Bibi, mama yao wote, alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, limejaa weupe kama uji wa muhogo. La kulia lilibaki na mwanga kidogo tu wa kumwezesha kujua kama aliyesimama mlangoni ni mtu au mbuzi. Daktari wa macho aliyepita misheni ya Nyegina alimpima, akamwandikia barua: afike hospitali kubwa ya Dar es Salaam Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Kuna wataalamu wa kupasua macho wangekuja, wangekaa wiki mbili, kisha wangeondoka. Alimweleza mama waziwazi kwamba jicho lile halitangoji mwaka mwingine. Ikipita Jumatatu hiyo, Bibi atabaki gizani mpaka anaingia kaburini.

Na Dar tulikuwa na mtu wetu. Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, ni karani bandarini, amepanga vyumba viwili Buguruni. Ana mshahara, ana kitambulisho, anawajua watu. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha Bibi mlangoni kwake, basi. Yeye angemalizia.

Nilisema tumwandikie barua. Nilisema mbele ya watu, wakati wa kula, na Baba Mkubwa akaacha tonge hewani.

"Nani anamwandikiaga mwanae barua ya kuomba kufika kwake?" aliniuliza. "Mama yake ni mgeni? Anaomba chumba?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Ndugu hasemi kwamba anakuja, anakuja tu. Ukituma taarifa, ni kama unamwambia mwenyeji afagie, aazime vyombo, aufiche ulevi wake, na tena unamtilia shaka kwamba bila taarifa angekufukuza. Barua tunaandikiana za salamu, za misiba, za nani kazaa. Ya kusema nakuja, haijaandikwa. Mtu anaonekana njiani na mzigo kichwani, watoto wanapiga kelele, kuku anakamatwa. Nilikulia humo nikaona ni sawa, kwa sababu kutoka Bukima hadi kwa shangazi kijijini Mugeta ukimkosa mtu unalala kwa jirani yake, kesho unarudi. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba Dar siyo Mugeta.

Baada ya barua kukataliwa yakaja maelekezo mengine. Treni daraja la tatu. Njiani hakuna kununua chochote, hata chai. Mwenye safari atembee na samaki, kwa sababu watu wa pwani, kwa maelezo yake, wana bahari kubwa lakini samaki wake hawana mafuta. Tukapewa kayabo, wale sangara wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa, gunia zima, maana kila jirani aliyesikia safari alileta wa kwake ampelekee Baba Mdogo. Halafu sabuni. Baba Mkubwa alikuwa na miche mitatu ya sabuni aliyoificha darini tangu miaka ile ya shida, tulipokuwa tunafua kwa majani ya mpapai, na mwenye miche mitatu alionekana ni mlanguzi wa kufungwa. Alisema Dar sabuni ni dhahabu. Akaikata vipande, akaifukia ndani ya mfuko wetu wa udaga, unga wa muhogo, ili askari wasiione.

Nilimwambia kwamba Musoma mjini, ninakosoma, sabuni zimerudi dukani, za rangi, zimepangwa mpaka dirishani. Akaniambia hao wananitega.

La mwisho ndilo lililoniuma. Nauli ya mtoto ni nusu. Mimi nina miaka kumi na sita, nina kidevu kinachoanza kuwasha, nipo kidato cha tatu. Baba Mkubwa akaleta kaptula yangu ya shule ya msingi. Kaki. Ilinifika hapa, sitasema ni wapi. Akanivalisha, akarudi nyuma akaniangalia kama anayekagua ndama, akasema nikikunja magoti kidogo mbele ya karani wa tiketi tutapita. Suruali yangu akaitoa kwenye mzigo, kwamba inakula nafasi ya samaki.

Bibi alikuwa amekaa karibu, akasikia watu wanacheka, akauliza wanacheka nini. Nikamwambia wanacheka uzee wake.

"Mume wangu ana mdomo," akasema. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, mimi ndiye mume wake tangu nizaliwe, na ndoa yetu ina ugomvi kila siku.

Sasa nikueleze njia, maana ndiyo uliyoijia. Kutoka Bukima tulipanda lori hadi Musoma, kutoka Musoma basi la Mwanza. Pale Makutano ya Butiama dereva alisimama akanywa chai. Bunda akasimama akala wali. Bibi alisikia harufu ya chapati Bunda akaniomba, nami nikamwambia Baba Mkubwa amekataza. Mtu mzima, mama aliyemzaa huyo Baba Mkubwa kwa uchungu, anakatazwa chapati na mtu asiyekuwepo, na mimi ndiye tarishi wa kumkataza. Mpaka leo nikipita Bunda nahisi hasira tumboni, pale pale penye njaa.

Mwanza nilikunja magoti. Karani wa tiketi aliniangalia, akaangalia kaptula, akaangalia kidevu, akauliza nipo darasa la ngapi. Nikamwambia la sita, nimerudia. Akasema inaonekana nimerudia sana. Akakata nusu.

Hapa nina shauri langu mwenyewe, siyo la Baba Mkubwa, na ni la bure: ukipanda daraja la tatu, beba kayabo. Watu walikuwa wamebanana, wengine wamekaa juu ya masanduku, mmoja amekaa juu ya mwenzake. Tulipoingia na gunia letu benchi likapata nafasi. Shinyanga likapata nafasi zaidi. Kufika Tabora tulikuwa mimi, Bibi na mzee mmoja aliyekuwa na mafua. Bibi alilala amenyoosha miguu kama yupo daraja la kwanza.

Lakini maji yanakwisha. Tulikuwa na dumu moja na mfuko wa michembe, viazi vikavu, ambavyo bila maji ni sawa na kutafuna kigae. Stesheni ya Saranda kuku wa kuchoma waliletwa mpaka dirishani, wanachuruzika mafuta, na dirisha zima likanunua isipokuwa letu. Bibi hakuniomba tena. Aligeuza uso upande wa pili. Nikajua anaogopa kunisikia nikikataa mara ya pili.

Treni ilichelewa. Badala ya Jumapili asubuhi tukafika Jumapili alasiri. Baba Mkubwa alisema tutembee kwa miguu kutoka stesheni hadi Buguruni, ni pua na mdomo. Labda kwa mdomo wake. Nilibeba gunia kichwani, mfuko wa udaga begani, Bibi amenishika kiuno, kaptula inapanda juu kila hatua. Njia sikupotea hata kidogo, kwa sababu shikamoo haina nauli. Niliwaamkia wazee wote wa barabara ile, mmoja mmoja, na kila mmoja akaninyooshea mkono. Na kila duka tulilopita lilikuwa na sabuni. Miche, vipande, ya unga, ya kuoga yenye picha ya mwanamke anacheka. Nilihisi yule mwanamke ananicheka mimi.

Nyumba tuliipata. Mlango wa Baba Mdogo ulikuwa na kufuli.

Nilidhani ametoka kidogo. Tukakaa ukumbini, kwenye ile njia ya katikati ya nyumba yenye vyumba kushoto na kulia. Mpangaji wa chumba cha pili, mama mmoja wa Kizaramo anayekaanga maandazi ya kuuza, alitoka na unga mikononi, akamwamkia Bibi kwa heshima, akauliza wageni wa nani. Nikamwambia. Akatuangalia. Akaliangalia gunia.

"Mwenzenu kaenda kwenu," akasema.

"Kwetu wapi?"

"Kwenu huko. Musoma. Kaondoka Alhamisi na mkewe na watoto, kapata likizo. Kapitia Nairobi." Akapangusa mikono taratibu. "Kasema anakwenda kumwona mama yake kabla hajapofuka."

Bibi alikuwa amesikia. Alipapasa sakafu, akapata ukuta, akauegemea.

"Na nyie hamkumwandikia?" yule mama akauliza. "Wala yeye hakuwaandikia? Jamani, watu wa Mara. Mnatembeleana kama mvua, tena mvua ina mawingu."

Nilitaka kucheka, kwa desturi. Kicheko hakikuja. Kilichokuja ni ghadhabu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku niliyochapwa mbele ya shule nzima. Nilimwona Baba Mkubwa na tonge lake hewani. Nilimwona Baba Mdogo huko Bukima muda huo huo, amefika na mzigo kichwani bila taarifa kama mwanaume wa kwetu, watoto wanapiga kelele, kuku anakamatwa, halafu anauliza mama yuko wapi. Wote wawili wamefuata desturi. Wote wawili wana adabu. Na katikati ya adabu yao Bibi amekaa sakafuni kwa watu.

Yule mama alitupa mkeka na kona ya ukumbi. Kwa aibu ya kula vyake bure nikamwambia tuna unga, tutasonga ugali. Akausonga yeye. Ukaanza kutoa povu. Alidhani ni muhogo mbaya, akakoroga, povu likapanda mpaka ukingoni mwa sufuria, na ukumbi mzima ukanukia kufua. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa unga nikatoa vipande vya sabuni ya Baba Mkubwa kimoja kimoja, nikavipanga sakafuni mbele ya wapangaji waliokuwa wamekusanyika. Walicheka mpaka mmoja akalala chini. Nikawaambia huu ndio ugali wa kwetu, unakula na kuoga kwa wakati mmoja, hakuna kupoteza muda. Ndivyo nilivyo. Nikiwa na hasira natoa kichekesho, na watu hawajui.

Tulikula maandazi ya yule mama siku hiyo. Tulimwachia nusu ya kayabo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali kabla ya foleni. Barua ya Nyegina ilifanya kazi. Daktari alimmulika Bibi, akasema la kushoto basi tena, la kulia linawezekana, atapasuliwa Jumatano. Nikapumua. Ndipo nesi, dada mmoja mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, akaleta fomu ya kukubali upasuaji.

Akasema asaini mtoto wa mgonjwa, au ndugu yeyote mtu mzima. Nikasema mimi ni mjukuu wake. Akainama kidogo akaitazama kaptula.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"Kidato cha tatu."

"Na mimi waziri," akasema.

Bibi akadakia kutoka kwenye benchi kwamba huyo ni mume wake, anatosha kabisa. Watu wakacheka na nesi pia akacheka, lakini fomu hakunipa. Alieleza kwa upole kwamba lolote likitokea, hospitali lazima ioneshe mtu mzima aliyekubali. Bila saini hakuna kitanda, na vitanda vilikuwa vinasubiriwa na watu wengine waliotoka mbali kama sisi. Aliniambia nimlete mtoto wake kabla ya saa nane.

Mtoto wake mmoja alikuwa Bukima anakula kuku. Mwingine alikuwa Bukima anamweleza jinsi Dar ilivyo.

Fikiria nauli tuliyookoa. Nusu tiketi ile, kwa ajili ya kaptula. Ningekuwa na suruali yangu ningesimama wima, ningekuza sauti, ningesema nina miaka ishirini, na nani angebisha? Nilikuwa nimevalishwa utoto ili tuokoe hela, na sasa utoto ule ndio unamziba Bibi jicho.

Nikamwambia nesi kwamba baba yupo, yupo getini, walinzi wamemzuia na baiskeli yake. Anipe fomu nimpelekee. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akatoa kalamu nyuma ya sikio.

Mimi shuleni najulikana kwa jambo moja. Saini ya hedimasta naiandika vizuri kuliko yeye. Nimewatoa wenzangu nje ya geti kwa karatasi za ruhusa muhula mzima, mpaka siku hedimasta mwenyewe alipokuta ruhusa aliyoisaini tarehe aliyokuwa safarini. Nilichapwa, nikaapa. Na saini ya Baba Mdogo naijua kwa sababu ndiye mimi ninayemsomea Bibi barua zake, na kila barua, akishamaliza kusikiliza, huniambia nimwoneshe pale mwanae alipoandika jina, na kidole chake hupita juu yake.

Nikaenda nyuma ya jengo la kufulia, nikaiweka fomu juu ya goti langu la mtoto wa darasa la sita, nikawa Baba Mdogo. Niliandika jina lake hewani mara mbili kabla ya kugusa karatasi. Kwa hedimasta sikuhitaji kujaribu kamwe.

Nesi aliipokea, akaipuliza wino ukauke. Akasema baba yangu ana mwendo wa haraka sana. Hakusema zaidi, na mimi namshukuru mpaka leo, ingawa sijui kama alijua.

Jumatano walimwingiza. Nilikaa chini ya dirisha la wodi, kwenye saruji yenye joto. Nikawa nahesabu nani wa kulaumiwa kama Bibi hatatoka. Baba Mkubwa wa kwanza. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kijita chetu, nikaenda kwenye Kiingereza cha kidato cha tatu, kikaisha mapema. Baba Mdogo wa pili. Desturi ya tatu. Nikafika mwisho wa orodha, nikaona kuna jina sijalisoma.

Wiki tatu kabla ya safari, Jumapili, nilikuwa narudi shuleni Musoma. Bibi alinivuta nyuma ya nyumba. Alifungua fundo la kanga, akaniwekea sarafu kiganjani, akaukunja mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema ninunue stempu, nimwandikie Baba Mdogo kwamba anakuja, lakini Baba Mkubwa asijue, atajisikia vibaya. Yeye mwenyewe, mzee wa kijiji, mwenye desturi zote, alikuwa amekwishaona kwamba Dar siyo Mugeta. Kipofu ndiye aliyeona.

Kesho yake nilikwenda mpaka karibu na posta. Jirani na posta kuna duka, na dukani kulikuwa na mkate. Mkate wa ngano, mweupe, wa kukatwa. Sisi tuliokua miaka ile mkate tuliusoma vitabuni. Nilinunua nusu, nikapakiwa siagi, nikala nimesimama, na kila nilipomeza nilijiambia kwamba si Baba Mkubwa amekataza barua? Mimi ni mtoto mtiifu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumtii yule mzee, nikachagua siku hiyo.

Nilisema nitaandika wiki ijayo. Wiki ijayo nilisahau. Ndiyo hivyo tu.

Bibi alitoka hai, jicho limefungwa bandeji. Alhamisi jioni nipo pembeni ya kitanda namtania kwamba sasa nimeoa jambazi, mlango wa wodi ukafunguliwa akaingia Baba Mdogo na vumbi la nchi mbili. Alikuwa amefika Bukima Jumapili, akalala, Jumatatu akageuza, mke na watoto kawaacha hukohuko. Alikuwa ameshapita kwa nesi, ana fomu mkononi.

Aliniita nje.

"Nani alisaini hapa?"

"Wewe," nikamwambia.

Aliishika karatasi karibu na macho. Nilimwona anatafuta kosa, kama karani. "Mimi mkia wa mwisho naupandishaga," akasema. "Huu umeanguka."

"Ulikuwa unaogopa."

Akanipiga kofi. Halikuwa kubwa, lilikuwa kofi la mtu aliyekaa kwenye basi siku zote hizo. Kisha akaniuliza mbona hatukumwandikia. Nikamuuliza mbona yeye hakutuandikia. Tukasimama pale, mjinga na mjinga mwenzake, mpaka nesi akatuambia tunaziba njia. Akaingia ndani, akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye godoro karibu na mkono wa mama yake, na mkono ukaanza kumpapasa masikio.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi yake. Daktari alimwambia afumbue polepole. Bibi alifumbua. Aliangalia dirisha, akamwangalia Baba Mdogo, akasema amekonda, huyo mke wake anampikia nini. Halafu akageuka kwangu. Akaanza usoni, akashuka.

"Mume wangu," akasema, "hiyo miguu ndiyo niliyotembea nayo Dar nzima?"

Safari yote hakuwa ameiona ile kaptula. Alicheka mpaka daktari akamkataza, eti jicho litafunguka mshono. Wodi nzima ilicheka. Kisha, wengine walipotawanyika na Baba Mdogo akaenda kutafuta chai, akaniita karibu, akaongea kwa Kijita ili wa kitanda cha pili wasielewe.

"Stempu yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Posta ilifungwa. Barua ilipotea. Mimi na uongo hatujawahi kukosana. Lakini alikuwa ananiangalia, kwa jicho jipya, jekundu, linalotoa machozi, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimezoea kumdanganya mtu asiyeniona uso.

"Niliila, Bibi. Nilinunua mkate."

"Ule mweupe?"

"Ule mweupe."

Akafikiri. "Na hukuniletea hata kipande," akasema.

Hakuongeza, wala hakumwambia mtu. Siku ya kutoka hospitali aliniambia nitafute karatasi. Tukakaa ukumbini Buguruni, akaniandikisha barua ya kwenda kwa Baba Mkubwa, maneno machache tu: tunakuja Jumanne, tutaanza safari Jumamosi, nyumbani pawe na mtu. Stempu nilinunua kwa hela niliyopata kumsaidia yule mama kuuza maandazi siku tatu, ndani ya kaptula. Safari ya kurudi Baba Mdogo alilipa, na Saranda Bibi alikula kuku, paja na kidari, akitupa mifupa dirishani na kutaja rangi ya kila kitu tulichokipita.

Tulifika Bukima Jumanne. Barua ilifika wiki mbili baadaye, imeletwa na mwalimu kutoka mjini. Baba Mkubwa alinipa niisome mbele ya wote, Bibi akiwa amekaa pale pale anachagua mawe kwenye mtama, peke yake, bila kusaidiwa. Nikasoma. Tunakuja Jumanne, nyumbani pawe na mtu.

Baba Mkubwa akatikisa kichwa. "Si mmeshafika?" akasema. "Hii stempu mmeitupa bure."

Wote wakacheka. Mimi ndiye sikucheka. Bibi alitupa jiwe dogo nje ya ungo, akachukua barua mikononi mwangu, akaikunja, akaifunga kwenye fundo la kanga.